Msamaha wa tinti nyeusi kwa ugonjwa wa macho: mwongozo kamili kwa madereva wanaoishi Marekani

Ukitaka kuweka tinti nyeusi kuliko sheria inavyoruhusu kwa sababu ya macho, mpangilio ni mmoja: daktari, barua, kisha fundi. Wengi huanzia kwa fundi, halafu wanamtafuta daktari awaandikie barua ya kuhalalisha kilichokwisha kubandikwa. Matokeo yake barua inasema kioo kipitishe asilimia 35 ya mwanga, na kioo kinasoma 21. Askari wa barabarani hapimi ugonjwa wako. Anapima kioo, anasoma karatasi, na viwili hivyo visipolingana anaandika faini.

Hakuna msamaha wa nchi nzima. Kila jimbo lina sheria yake, na kinachokubalika Texas kinaweza kukuletea matatizo New York. Kwa hiyo kabla ya kushika simu kumpigia fundi, elewa namba, kisha ujue jimbo lako liko kundi gani.

Namba zinavyofanya kazi

Sheria na mafundi wote huzungumza kwa kipimo kiitwacho VLT, yaani asilimia ya mwanga wa kuonekana unaopita kwenye kioo. Namba ikishuka, kioo kinazidi kuwa cheusi. Tinti ya 70 unaweza usiitambue kwa macho. Ya 35 inaonekana wazi, ila mtu wa nje bado anamwona aliyekaa ndani. Ya 5 ni ile ambayo ndani haonekani mtu.

Kinachowaangusha watu wengi ni hiki: kioo kitupu chenyewe hakipitishi mwanga wote. Vioo vya milango ya mbele kwa kawaida hutoka kiwandani vikipitisha kati ya asilimia 70 na 80, kwa sababu kanuni ya shirikisho, FMVSS 205, inataka gari jipya lipitishe angalau asilimia 70 kwenye vioo ambavyo dereva anavihitaji kuona barabara. Tinti ikibandikwa juu yake, namba hizo mbili zinazidishwa. Kioo cha 77 ukikibandika tinti ya 35, hesabu ni 0.77 mara 0.35, unapata 27. Mita ya askari inasoma 27, maana inapima kioo na tinti kwa pamoja. Maandishi ya kwenye boksi la fundi hayamhusu.

Jaribu hesabu hiyo kwa sheria halisi. Minnesota inataka vioo vya pembeni na cha nyuma vya gari dogo la abiria visishuke chini ya 50, na inaachia mwanya wa asilimia 3 tu. Tinti inayouzwa kama "50" kwenye kioo cha 77 inakupeleka 38 na nusu, kwa hiyo umeshavunja sheria siku ya kwanza. Ili usome 50 unahitaji tinti ya 65 hivi. New York inataka 70 kwenye vioo vya mbele, na hapo hata tinti ya 90 inaweza kukushusha hadi 69. Ndiyo maana New York ukiwa na macho yasiyostahimili mwanga, bila msamaha huna nafasi yoyote ya kuongeza giza.

Je, tinti ndiyo unayoihitaji?

Swali hili liulize kwa uaminifu, maana jibu linabadilisha kila kitu kinachofuata. Kuna wanaoumizwa na mwanga wa kuonekana, na kuna wanaoumizwa na miale ya UV ambayo jicho haliioni. Mwenye lupus (ugonjwa wa kinga ya mwili), au ugonjwa wa ngozi wa xeroderma pigmentosum, adui yake mkubwa ni UV. Huyo mara nyingi anaweza kusaidiwa na tinti angavu kabisa inayozuia asilimia 99 ya UV huku ikiacha mwanga wa kawaida upite. Kioo cha mbele cha gari kimetengenezwa kwa tabaka mbili zenye plastiki katikati, na plastiki hiyo huzuia karibu UV yote. Vioo vya milangoni kwa kawaida ni vya tabaka moja, na UV nyingi zaidi hupita hapo.

Mwenye ugonjwa wa jicho ni tofauti. Anachohitaji ni kupunguziwa mwanga wenyewe. Hali zinazoleta shida hii ni pamoja na ualbino, kuzaliwa bila airisi (lile duara la rangi linalobana mwanga usiingie mwingi), uvimbe wa ndani ya jicho uitwao uveitisi, magonjwa na makovu ya konea (ngozi angavu ya mbele ya jicho), na magonjwa ya retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) yanayoharibu chembe za kuonea mchana. Kipandauso na mtikisiko wa ubongo navyo huleta macho kuogopa mwanga, ingawa jicho lenyewe likipimwa linaonekana zima. Majimbo kadhaa yanayakubali haya pia, mradi daktari ayaandike vizuri.

Sasa tahadhari kubwa. Miwani ya jua unaivua jua likizama, tinti huivui. Mtu mwenye ugonjwa wa retina uitwao retinitis pigmentosa anaweza kuteswa na mwanga wa mchana na bado akawa haoni kitu gizani. Mtoto wa jicho na presha ya macho navyo vinaweza kupunguza uwezo wa kutofautisha mtu aliyevaa nguo nyeusi na giza lililo nyuma yake. Kwa watu hawa, kioo cheusi cha mlango wa dereva usiku wa mvua ni hatari, hasa pale unapokunja kona ya kushoto na mtu anavuka kwa miguu. Kama una ugonjwa wowote wa retina, muulize daktari waziwazi: "Usiku je?" Akisita, achana na tinti nyeusi, tafuta kinachovulika.

Usisahau pia kwamba miwani na tinti vinazidishana kama kioo na tinti. Miwani ya jua ya daraja la 3, ambayo ndiyo ya kawaida madukani, hupitisha kati ya asilimia 8 na 18. Chukua ya 15, tazamia kwenye kioo kilichosoma 35: jichoni inafika 5 tu. Hicho ni kiwango cha miwani ya daraja la 4, ambayo viwango vya kimataifa vinasema haifai kuendeshea gari.

Na jambo la mwisho kabla hujaenda kwa daktari: mwanga mwingi unaomuumiza dereva unaingia kwa mbele, na kioo cha mbele ndicho ambacho sheria inakilinda kwa ukali zaidi. New York, kwa mfano, inaruhusu tinti kwenye inchi 6 za juu tu. Msamaha wa vioo vya pembeni unapunguza shida bila kuimaliza. Kofia yenye ukingo mpana, kishusha jua cha gari kilichorefushwa, na lenzi za rangi maalumu kama ile ya waridi iitwayo FL-41, ambayo madaktari huwaandikia wenye kipandauso, vinafanya kazi pale tinti isipofika.

Jimbo lako liko kundi gani

Kundi la kwanza ni majimbo ambayo barua ya daktari ndiyo msamaha wenyewe. Huombi ofisi yoyote; unaibeba garini. Minnesota iko hapa, na sheria yake inafaa kuijua kwa sababu imeeleza masharti kwa uwazi: cheti cha daktari au maelezo yake ya hitaji la kitabibu lazima yataje asilimia ya chini ambayo mwanga unaruhusiwa kushuka, na lazima yawe na tarehe ya mwisho isiyozidi miaka 2 tangu yaandikwe. Barua nzuri, yenye nembo ya hospitali na maelezo marefu ya ugonjwa, ikikosa asilimia au tarehe ya mwisho, kisheria Minnesota haijakamilika. Michigan, ambako tinti ya kawaida kwenye vioo vya mbele vya pembeni inaruhusiwa inchi 4 za juu tu, inakubali barua iliyosainiwa na daktari au optometrista, yule anayepima macho na kuandika miwani. Texas, ambako kiwango cha kawaida cha vioo vya mbele vya pembeni ni 25, zamani idara ya usalama ya jimbo ilikuwa ikitoa cheti; siku hizi unabeba maelezo yaliyosainiwa na daktari au optometrista.

Kundi la pili unaomba, unasubiri, unajibiwa. New York unatumia fomu MV-80W ya idara ya magari, DMV. Sehemu moja unajaza wewe, nyingine daktari, kisha inatumwa DMV. Hali zinazokubalika zimeorodheshwa, na ndani yake mna ualbino na macho kuogopa mwanga kunakotokana na ugonjwa wa macho au wa mishipa ya fahamu. Maneno hayo ni muhimu: daktari akiandika "macho yanaumia na mwanga" bila kutaja ugonjwa unaosababisha, ombi limeachwa nusu. Tangu Januari 1, 2017, ukaguzi wa kila mwaka wa magari New York unapima tinti pia, kwa hiyo uthibitisho wa msamaha unauhitaji kwa mkaguzi kama unavyouhitaji kwa askari. Florida nayo ina fomu yake, HSMV 83390, na cheti chake hakihamishiki. Gari likiuzwa kinakufa.

California iko peke yake, na inawakanganya wengi. Ukiwa na barua ya daktari au ya optometrista, vioo vya pembeni vya mbele unaruhusiwa kuwekea kivuli kinachotoka: fremu, kipande kigumu chenye vishikizo vya muda, au pazia la kukunja, kinachopitisha angalau asilimia 35. Giza likiingia lazima ukiondoe. Barua hiyo haikupi ruhusa ya kubandika tinti nyeusi ya kudumu. Ukitazama kwa jicho la usalama, huu ndio mpango wenye busara kuliko yote, na hata kama huishi California inafaa kufikiria kivuli cha aina hiyo pale sheria ya kwenu inapokiruhusu.

Kama jimbo lako halimo hapa, soma sheria yenyewe kwenye tovuti ya jimbo au ya idara ya magari. Tovuti za maduka ya tinti usiziamini. Nyingi hunakiliana, na makosa ya miaka iliyopita yanaendelea kuzunguka.

Kwa daktari

Nenda na sheria ya jimbo lako imechapishwa, au fomu kama ipo. Daktari wa macho anajua jicho. Sheria ya magari ya jimbo si lazima aijue, na akiachwa peke yake ataandika "anahitaji vioo vya giza", sentensi isiyokusaidia popote.

Kama Kiingereza kinakukwama, omba mkalimani wa Kiswahili unapoweka miadi. Hospitali na kliniki zinazopokea fedha za serikali ya shirikisho, na nyingi zinapokea, zinatakiwa kukupatia bila malipo. Usimtumie mtoto wako kutafsiri. Neno kama uveitisi likitafsiriwa "macho mekundu" barua nzima inapotea njia.

Eleza dalili kwa matukio ya barabarani. "Macho yananiuma" ni hafifu. Sema: jua la saa kumi na moja jioni likipiga dirisha la kushoto, jicho linafumba lenyewe, machozi yanatoka hadi taa za gari la mbele zinavurugika, nikitoka kwenye kivuli cha daraja, napitisha sekunde kadhaa bila kuona mistari ya barabara. Taja pia ulichokwisha kujaribu, miwani ipi na imeshindwa wapi. Hapo daktari ana kitu cha kuandika.

Barua yenyewe hakikisha ina jina lako kama lilivyo kwenye leseni, herufi kwa herufi (mwenye majina matatu kwenye leseni na mawili hospitalini, shughulikia hilo mapema), ugonjwa kwa jina lake, sentensi inayosema mgonjwa hastahimili mwanga na anahitaji kukingwa akiwa ndani ya gari, kama wewe ni dereva au abiria, vioo gani, asilimia ya chini ya VLT, ikielezwa kuwa ni ya kioo na tinti kwa pamoja, tarehe ya kuandikwa na ya mwisho, saini, namba ya leseni ya daktari na simu ya ofisi. Maneno "kioo na tinti kwa pamoja" ndiyo yanayozuia ule mgogoro wa 35 na 27. Magonjwa yako mengine hayana sababu ya kuwemo.

Asilimia ipi uombe? Omba ya juu kabisa inayokutosheleza. Maduka mengi ya tinti yana vipande vya mfano. Kaa kwenye kiti cha dereva, gari likiwa limeegeshwa juani, fundi akishikilia kipande cha 50, kisha cha 35, juu ya kioo. Rudia jioni giza likiingia: tazama kioo cha pembeni cha kuonea nyuma kupitia kipande hicho. Ukishindwa kuona gari jeusi lisilowasha taa, kipande hicho si chako. Mpe daktari namba uliyoipata hapo, naye aamue.

Mtoto mwenye ualbino anayekaa kiti cha nyuma anaweza kupewa msamaha kwenye majimbo yanayotaja abiria. Angalia sheria inasema karatasi iwe kwa nani. Minnesota inamtaja dereva au abiria kuwa nayo, kwa hiyo siku unaendesha peke yako usiiache ndani ya mkoba wa shule wa mtoto.

Kwa fundi

Barua ikiwa mkononi, au New York na Florida ukishajibiwa, ndipo unaweka miadi. Mwambie fundi mambo mawili kabla hajagusa gari: apime vioo vitupu kwa mita, na akuandikie namba. Kama kioo kinasoma 74 na barua inasema 35 kwa pamoja, gawa 35 kwa 74: unapata 47 na kidogo, kwa hiyo unahitaji tinti ya 48 au zaidi. Tinti zinauzwa kwa hatua, kwa hiyo utachukua ya 50, na mwisho kioo kitasoma 37. Bora ubaki juu ya namba ya barua kwa pointi mbili kuliko chini kwa moja.

Chagua tinti ya seramiki kama mfuko unaruhusu. Ya rangi tupu ni rahisi lakini huchuja na kugeuka zambarau kwa jua, na ikichuja kipimo kinabadilika. Ya chembe za chuma inaweza kudhoofisha mawimbi ya simu na GPS. Epuka yenye kung'aa kama kioo cha kujitazamia; majimbo mengi yana kikomo tofauti cha mng'ao, na msamaha wa giza haumaanishi msamaha wa mng'ao.

Minnesota kunatakiwa alama ndogo ya kudumu inayoonyesha kiwango cha tinti, ibandikwe kati ya tinti na kioo. Fundi akiisahau, kuiweka baadaye ni kubandua upya, kwa hiyo iulizie kabla.

Kama kuna tinti ya zamani, isibandikiwe juu. Tinti mbili zinazidishana na kipimo kitaanguka. Kubandua cha nyuma ndiko kwenye ajali: nyaya nyembamba za kuyeyusha ukungu hukwanguka fundi akitumia wembe. Sisitiza mvuke na uvumilivu. Baada ya kazi usishushe vioo siku tatu hadi tano. Ukungu mdogo na matone ya maji utakayoyaona ni maji ya kubandikia na yanakauka yenyewe, ila vipovu vikavu vyenye vumbi ndani havitoki, na hivyo mrudishie fundi. Usisafishe kwa dawa zenye amonia.

Kabla hujaondoka dukani, vioo vipimwe tena na namba ziandikwe kwenye risiti.

Barabarani

Dashibodini weka barua halisi au cheti, nakala moja, risiti yenye vipimo, pamoja na kadi ya usajili na bima. Picha ya simu ni akiba tu, simu huzima.

Ukisimamishwa, egesha kulia, shusha vioo vyote, na kama ni usiku washa taa ya ndani. Kioo cheusi kinamtia askari wasiwasi kwa sababu haoni mikono ya aliye ndani, basi mwonyeshe mikono mapema. Baki kwenye kiti. Waliozoea nyumbani kushuka na kumfuata trafiki wakaongee, huku usifanye hivyo kabisa. Sema una barua ya daktari kuhusu vioo, iko dashibodini, uombe ruhusa ya kuitoa, kisha uitoe taratibu.

Akiandika faini licha ya barua, usibishane hapo. Pokea, soma tarehe ya kufika mahakamani au ya kujibu, upeleke barua, risiti na vipimo. Mahakamani kinachotazamwa kwanza ni tarehe: barua iliyoandikwa baada ya siku ya faini ina nguvu ndogo sana.

Ukivuka kwenda jimbo jingine, usitegemee kwamba msamaha wako utakubaliwa. Uubebe, na kama unavuka kila siku kwenda kazini, soma sheria za majimbo yote mawili kabla ya kuchagua asilimia.

Wanaoendesha malori wasikilize vizuri hapa. Magari ya biashara yanayovuka majimbo yako chini ya kanuni ya shirikisho, 49 CFR 393.60, inayotaka kioo cha mbele na vioo vya kushoto na kulia kwa dereva visishuke chini ya 70. Kanuni hiyo haijaweka mlango wa barua ya daktari. Msamaha wa gari lako la nyumbani usiuhamishie kwenye lori. Huko njia iliyobaki ni miwani, kofia na tinti angavu ya UV isiyoshusha kioo chini ya 70.

Baada ya hapo

Weka kikumbusho miezi mitatu kabla ya tarehe ya mwisho ya barua, maana miadi ya daktari wa macho huchelewa. Ukibadilisha gari, vioo vipimwe upya. Namba ya gari la zamani haihusiki. Ukiuza gari, bandua tinti kwanza au mweleze mnunuzi kwa maandishi, kwa sababu msamaha ulikuwa wa mwili wako na yeye hana. Na kioo cha mlango kikivunjika, kampuni ya bima italeta kioo kitupu: waulize kabla ya kukubali malipo kama gharama ya tinti imo, na risiti ya zamani yenye vipimo ndiyo ushahidi kwamba ilikuwepo.